Usiuchague Wimbo kwa Noti Yake ya Juu

Vijana wa kwaya zetu za Lubumbashi wanapoanza kujifunza nyimbo za tamthilia za muziki, swali la kwanza wanaloniuliza ni lile lile: "Mwalimu, noti ya juu kabisa ni ipi?" Nikiwajibu, wanakimbilia kinanda, wanaitafuta noti hiyo, wanaipigia kelele mara moja, na ikitoka wanaamini kwamba wimbo umekwisha kuwa wao. Nimefundisha waimbaji wa aina hii kwa miaka mingi, na sasa naona swali hilo linasaidia kidogo sana. Kinachomshinda mwimbaji mara nyingi ni mahali ambapo wimbo unakaa kwa muda mrefu, aina ya sauti inayodaiwa, na njia anayopitia kabla ya kufika pale juu.

Mji huu umezoea kuimba kwa sauti nne tangu enzi za Joseph Kiwele, mtunzi wa Misa ya Katanga, na hakuna mwaka ambao husikii Aleluya ya Handel katika parokia fulani. Katika wimbo huo, pale maneno ya Mfalme wa Wafalme yanaporudiwa, soprano hupanda ngazi kwa ngazi hadi sol ya juu, yaani mitikisiko kama 784 kwa sekunde. Dada zetu wanaifikia bila hofu. Lakini dada hao hao wakipewa Defying Gravity, wimbo mashuhuri wa Elphaba, mhusika mkuu wa tamthilia ya Wicked, iliyofika Broadway mwaka 2003, wanakwama kwenye fa yenye mitikisiko kama 698, ambayo ni toni nzima chini ya ile sol ya kanisani. Aliyezoea kuhesabu noti tu hawezi kueleza jambo hili.

Maelezo yake yamo kooni. Sauti ya kichwa, ambayo ndiyo wanayoitumia soprano katika Aleluya, hutokea nyuzi za sauti zinapovutwa zikawa ndefu na nyembamba, mithili ya waya wa gitaa unaokazwa, hata zikagusana kwa kingo tu. Elphaba anatakiwa aimbe kwa namna inayoitwa belti, yaani sauti yenye nguvu na rangi ya kifua, iliyopandishwa kupita mahali ambapo sauti ya kifua ya kila siku huishia. Hapo nyuzi zinabaki nene zaidi, na katika kila mtikisiko zinakaa zimefumbana kwa muda mrefu kuliko zinavyofanya katika sauti ya kichwa. Kuna misuli inayovuta nyuzi na misuli inayozinenepesha, na kazi ya mwimbaji ni kuizoeza ipokezane polepole. Kwa wanawake wengi shida ya belti huanza kwenye la yenye mitikisiko 440 na kuendelea hadi re iliyo juu yake. Kwa wanaume, kizingiti hicho, yaani mahali ambapo sauti ya kifua huanza kushindwa, kiko karibu na mi, fa na sol zilizo juu ya do ya katikati ya kinanda.

Watu wengi hudhani kwamba belti hudai pumzi nyingi, kwa hiyo hujaza mapafu mpaka mabega yanapanda, huinua kidevu, kisha husukuma. Wanachopata ni sauti iliyobanwa na koo linalouma. Nyuzi zinazofumbana vizuri hupitisha hewa kidogo, na pumzi ya kiasi inatosha kabisa ikiwa mbavu zimebaki wazi. Mimi humwambia mwanafunzi aliite jina la rafiki aliye ng'ambo ya barabara, bila hasira na bila kupiga kelele, kisha alisogeze jina hilo nusu toni kwa nusu toni. Siku sauti inapoanza kukwaruza, tunaacha pale pale, hata kama noti inayotafutwa imebaki hatua moja tu.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine kabisa. Katika tamthilia ya Les Misérables, mhusika mkuu, Jean Valjean, ana sala ya kumwombea kijana aliyelala, Bring Him Home, wimbo ulioongezwa kwa ajili ya toleo la London la mwaka 1985 na kuandikiwa sauti ya Colm Wilkinson. Haukuwamo katika toleo la kwanza la Paris la mwaka 1980. Noti yake ya juu ni la, ile ya mitikisiko 440, na tenori yeyote wa kwaya kubwa atakuambia kwamba la anayo. Ni kweli anayo, lakini anayo kwa nguvu, akiwa katikati ya wenzake, na kinanda kikivuma nyuma yake. Valjean anaimba peke yake, kwa upole, na mistari inarudi juu tena na tena bila kumpa nafasi ya kupumzika. Nimesikia tenori wenye vifua vipana wakishindwa na wimbo huu, na kijana mwembamba aliyejua kuchanganya sauti ya kifua na ya kichwa akiumaliza bila jasho.

Tusidanganywe pia na kanda tunazosikiliza. Wimbo unaobeba jina la tamthilia The Phantom of the Opera, iliyoanza London mwaka 1986, humalizika kwa mi ya juu sana yenye mitikisiko kama 1,319, na inajulikana kwamba jukwaani sehemu hiyo kwa kawaida imerekodiwa mapema. Tena, kwa kuwa waigizaji wa huko hufanya maonyesho 8 kwa wiki, nafasi ya Christine, msichana anayeimba noti hiyo, imekuwa ikigawanywa, mwimbaji wa pili akishika baadhi ya maonyesho. Ikiwa wataalamu wanaolipwa wanahifadhiwa hivyo, sioni kwa nini binti wa Katuba, hapa mjini kwetu, aliyetoka kukesha kanisani usiku kucha adaiwe kuitoa noti hiyo Jumapili mchana.

Kabla ya kuchagua wimbo, kaa na kinanda ujipime asubuhi moja na jioni moja, siku tofauti, uandike noti ya chini na ya juu unazozifikia bila kukunja uso. Kisha uondoe toni nzima juu, kwa sababu ile ya mwisho ni noti ya chumbani tu. Baada ya hapo, chukua karatasi ya wimbo ukapige mstari chini ya kila noti iliyo juu ya kizingiti chako. Ukiona mistari imejaa ukurasa mzima, wimbo huo utakuchosha hata kama kilele chake unakimudu. Kipimo changu mwenyewe ni kikali kidogo: noti isiyotoka mara tatu mfululizo, ikiwa na maneno yake kamili, hatuipeleki mbele ya watu.

Irabu nazo zina sheria yake. Mwimbaji anayepanda kuelekea mitikisiko 700 akiwa na i au u mdomoni hukwama haraka, kwa sababu mwangwi wa kwanza wa irabu hizo, yaani mtikisiko wa chini ambao koo na kinywa huukuza, uko chini sana, karibu na 300, na sauti tayari imeupita. Inabidi afungue kinywa, na irabu ielekee e au o kidogo. Irabu za puani za Kifaransa zinasumbua zaidi. Ndiyo maana anayewatafsiria vijana nyimbo hizi kwa Kiswahili afanye jitihada kilele kiangukie silabi ya pili kutoka mwisho, yenye a au o, kwa kuwa hapo ndipo mkazo wetu ulipo.

Kuhusu tangawizi, asali na yai bichi, sitawakataza akina mama wanaotuletea, lakini kinachomezwa hupita njia ya chakula na hakizigusi nyuzi za sauti. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi na asubuhi za baridi hukausha koo, na dawa yake ni kunywa maji tangu siku iliyotangulia, kuvuta mvuke wa maji moto, na kukaa mbali na moshi wa makala ya kupikia. Mazoezi ya kuvumisha sauti ndani ya mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji huamsha nyuzi bila kuziumiza. Sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu imwone daktari wa koo.

Kuhusu ufunguo, yaani kiwango cha juu au cha chini ambacho wimbo mzima unaimbiwa, vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuuhamisha kwa nusu toni, na sioni aibu yoyote kukitumia. Angalia tu upande wa chini: wimbo wa Elphaba unashuka hadi sol iliyo chini ya do ya katikati, kwa hiyo ukiuteremsha nusu toni tatu utajikuta kwenye mi, mahali ambapo wasichana wengi hawasikiki tena. Ruhusa hii ni ya tamasha la nyimbo mbalimbali. Anayetaka kuigiza tamthilia nzima katika ukumbi wa Jengo la 30 Juni atahitaji kibali cha wenye haki, na kwa kawaida kibali hicho hakiruhusu kubadili ufunguo bila kuomba. Kwa hiyo maombi hayo yaandikwe kabla ya kugawa nafasi za waigizaji.