Baba yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Aingie kwenye utafiti wa kolchisini?

Ndugu, nimeelewa kwamba baba yako, anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, ameombwa kushiriki katika utafiti wa kupima kama wagonjwa wa aina yake wanaistahimili kolchisini, nawe unashangaa kwa nini dawa ya zamani ya jongo ijaribiwe upya. Sababu ni kwamba sehemu ya dawa hiyo hutolewa na figo, na mashine haiwezi kuiondoa mwilini. Hivyo dozi ya kawaida kwa mwenye figo nzima inaweza kulimbikizana kwa baba yako hadi ikawa sumu.

Kabla hajatia sahihi, ulizeni dozi ni kiasi gani, damu yake itapimwa mara ngapi, na ni nani atakayepokea simu usiku. Wapelekeeni watafiti dawa zake zote katika mfuko uleule anamoziweka (orodha ya kichwani nimeiona ikisahau dawa iliyo muhimu kuliko zote), kwa kuwa klarithromaisini (dawa ya kuua bakteria) na siklosporini (dawa ya kupunguza kinga ya mwili) hupandisha kiwango cha kolchisini mwilini kwa namna ya hatari.

Akiharisha, akitapika, akipata homa, au miguu ikilegea hata ashindwe kuinuka kitini bila kujishika, asisubiri siku ya mashine: awaone madaktari siku hiyohiyo, kabla ya kumeza kidonge kingine. Ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake. Mimi ningetaka kwanza kumsikia daktari wake wa figo, hasa kama hayumo katika utafiti huo.