Kwa anayetaka kuipeleka "Kinjeketile" kwenye runinga: usimwonyeshe Hongo

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu kuipeleka runingani "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein ya Vita vya Maji Maji: bajeti, mavazi ya askari wa Kijerumani na idadi ya sehemu, lakini katikati umepachika kwamba mtafungua na Kinjeketile, nabii wa vita hivyo, chini ya mto, ana kwa ana na Hongo, mzimu wa majini. Hilo ndilo lililotumaliza sisi tulipojaribu kuipeleka runingani.

Tuliletewa mwongozaji aliyeapa kwamba mtazamaji wa runinga hana subira ya maneno, lazima auone mzimu. Pesa ikaenda huko: bwawa la kukodi, kamera ya majini, fundi wa picha za kompyuta. Mzimu ukapatikana, macho mekundu kama taa za basi la mkoani. Tamthilia ikafa pale pale.

Hussein alipoiandika mwaka 1969 alituacha ukingoni pamoja na wanakijiji. Kilichompata Kinjeketile majini hatukioni, na baadaye yeye mwenyewe hana hakika nacho. Anapoambiwa kwamba alipopagawa alisema watakuwa watoto wa Seyyid Said, anashtuka: wamtoe Mjerumani ili waingie chini ya Sultani wa Zanzibar? Shaka hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Ukishamwonyesha Hongo, kamera imetoa ushahidi kwamba yupo. Kinjeketile akianza kusita anaonekana mjinga tu, na risasi zikiwapenya walioamini kwamba maji yake ya dawa yatawakinga, lawama zote ni za mzimu.

Halafu gerezani! Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, anamsihi Kinjeketile akubali kusema maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Onyesho zito kuliko yote, sisi tulilishuti mbiombio, jua linazama, mfuko mtupu. Bado linaniuma. Yule mwongozaji alikuwa ameshalipwa akaondoka, mafundi wa taa wakabaki kutudai sisi.

Kamera ibaki ukingoni, kwenye nyuso za wanaosubiri. Hiyo haina gharama na inatisha zaidi.

Akitokea mtu wa kukubishia kwamba Kinjeketile halisi alinyongwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza, ni kweli, lakini Hussein mwenyewe alieleza kwamba mtu wake wa tamthilia si yule wa historia. Usianze kumrekebisha.

Ruhusa ya mwandishi iwe ya maandishi. Idadi ya sehemu mtapanga wenyewe. Ila kabla hujamlipa mtu hata shilingi, lifute hilo onyesho la chini ya mto.