Mjusi ndevu ameshiba mchicha, mifupa inalainika

Msomaji mmoja anayeishi Marekani ametuandikia kuhusu mjusi ndevu (bearded dragon, mjusi wa Australia anayefugwa nyumbani) wa mwanawe, wa miezi minane. Vidole vinamtetemeka na taya la chini linabonyea ukiligusa. "Lakini anakula vizuri," anasema: mchicha asubuhi, kiganja cha mabuu ya njano yale yanayofugwa kwenye pumba jioni.

Dada, kwanza mpeleke leo kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Usingoje wikendi. Hizo ni dalili za mifupa iliyokosa kalsiamu, na ikishafika hapo chakula peke yake hakimponyi. Haya mengine ni ya kuzuia yasijirudie, na yanamhusu kila anayemfuga mjusi ndevu (kwa jina la kisayansi, Pogona vitticeps).

Kushiba ni jambo moja na kulishwa sawasawa ni jingine. Mlo wake unatakiwa uwe na kalsiamu karibu mara mbili ya fosforasi. Wadudu karibu wote wanaouzwa wako kinyume: nyenje ana fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu. Fosforasi ikizidi, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili damu ikae sawa. Mchicha na spinachi vinaongeza tatizo, kwa sababu oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani hayo, inaikamata kalsiamu tumboni nayo inatoka na kinyesi. Jani ni la kijani, lakini faida haifiki mwilini.

Mboga inayomfaa mnaijua tangu utotoni: sukuma wiki. Kalsiamu yake ni karibu mara tisa ya fosforasi, na oksaleti ni kidogo. Huko Marekani inauzwa kwa jina la collard greens. Ondoa uti mgumu wa katikati, katakata majani yawe membamba, changanya na majani ya haradali na boga bichi lililokwaruzwa. Maua ya hibiskasi yasiyopigwa dawa yanamvutia sana mjusi anayesusa majani. Papai mpe kipande kidogo mara moja kwa wiki. Ndizi iache, fosforasi yake imezidi. Letusi ile nyeupe ni maji tu.

Umri unabadilisha sahani nzima. Mjusi mtoto anahitaji wadudu kama asilimia 70 hadi 80 ya mlo wake, mara mbili au tatu kwa siku, kadiri anavyoweza kula ndani ya dakika 10 hadi 15, na majani yawepo kila siku hata akiyapuuza. Akikaribia mwaka mmoja na nusu, geuza: majani yawe sehemu kubwa, wadudu mara mbili au tatu kwa wiki. Wengi hawageuzi, kwa kuwa mjusi anawachangamkia wadudu na anayemfuga anamhurumia. Matokeo yake ni mafuta kwenye ini. Mabuu meupe ya nondo wa mizinga ni mafuta matupu, wala yale ya njano si chakula cha kila siku.

Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Siku moja au mbili kabla ya kumpa mjusi, mlishe mdudu huyo sukuma wiki na karoti, maana kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho kitakachoingia kwa mjusi. Kisha weka nyenje kwenye mfuko pamoja na unga wa kalsiamu usio na fosforasi, tikisa mpaka wawe kama waliopakwa poda. Kwa mtoto fanya hivyo karibu kila siku, kwa mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki. Unga wenye vitamini D3 usiutumie ovyo, kwani D3 ikizidi inadhuru. Funza wa nzi askari mweusi, wale wanaofugwa Kenya na Tanzania kwa ajili ya kuku na samaki, wana kalsiamu nyingi kiasili. Kwa maoni yetu ndio wadudu bora kuanza nao. Nyenje waliobaki watoe kabla ya usiku, kwa sababu wanamng'ata akiwa amelala.

Bila taa ya UVB (miale ya urujuanimno kama ile ya jua) kalsiamu yote hiyo haifyonzwi ipasavyo. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki, kioo kinazuia miale hiyo. Taa nyingi hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12 ingawa bado zinawaka, kwa hiyo andika tarehe uliyoiweka. Mahali pa kuota joto pawe kama nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Asipopata joto hilo chakula hakisagiki, basi usimlishe taa zikikaribia kuzimwa.

Parachichi lina sumu, usimpe hata kidogo. Wadudu wa bustanini waache, wanabeba dawa na minyoo. Na mwambie mwanao, dada, kwa kuwa huko kwenu watoto hukamata vimulimuli jioni za kiangazi: kimulimuli mmoja tu anatosha kumuua mjusi.