Jibu: Gemu linaanza kukwama baada ya dakika 10

Mkuu, kama kwenye laptop yako fremu za gemu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaanza 120 halafu baada ya dakika 10 zinaporomoka hadi 40 huku feni zikivuma, usikimbilie kulaumu kadi ya michoro. Hilo ni joto. Prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Weka HWiNFO, programu ya kupima joto la kompyuta, ni ya bure, uangalie namba wakati unacheza.

Ukikuta ni kweli, zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na upulize vumbi. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke. Vumbi baya hasa ni lile linalojibana kati ya feni na mapezi ya kupozea. Kwangu lilikuwa limeganda kama blanketi, na nilikuwa karibu kuiuza! Ikiwa laptop imeshakaa miaka kadhaa, badilisha pia pesti ya prosesa, ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo. Kuchezea kitandani acha kabisa, godoro linaziba matundu ya hewa.

Halafu, unatumia chaja yake halisi? Asilimia za betri zikipungua huku umechomeka, umeme hautoshi. Leta namba za joto hapa tuzione.