Wamongolia chini ya Mjapani: nani hasa alikuwa bosi?

Swali: Mwalimu, nasoma historia ya Asia na nimekwama. Kitabu kimoja kinasema Mengjiang (serikali ya Wamongolia iliyowekwa na Wajapani kaskazini mwa China) ilikuwa ya Jeshi la Kwantung, kingine kinasema ni jeshi la Japani la Kaskazini mwa China, kingine Tokyo. Nishike kipi?

Jibu: Vyote, inategemea unasoma mwaka gani, maana Wajapani wenyewe walikuwa wanavutana vibaya sana juu ya Wamongolia. Cheki 1936: Jeshi la Kwantung, jeshi la Japani ambalo kazi yake ilikuwa kulinda Manchukuo (dola ambayo Wajapani waliiunda Manchuria), linamsapoti mwanamfalme wa Kimongolia Demchugdongrub (wengi wanamwita De Wang) avamie Suiyuan, jimbo la China, Tokyo hawataki. Ishiwara Kanji, yule yule aliyepika njama ya kuiteka Manchuria 1931 bila ruhusa ya wakubwa, sasa kakaa makao makuu ya jeshi Tokyo, anafunga safari hadi Manchuria kuwaambia waache. Muto Akira, ofisa wa Kwantung, akamjibu kwamba sisi tunafuata tu ulichofanya wewe. Sasa hapo atasema nini? Wakaendelea, na Novemba hiyo hiyo wakachapwa na Wachina, hata Bailingmiao, ngome ya De Wang, ikaenda.

1937 Kwantung wakaingia mji wa Zhangjiakou wakaanzisha serikali tatu, moja tu ndo ya Wamongolia, zikaja kuunganishwa Septemba 1939. Utata mkubwa uko hapa. De Wang ni mwenyekiti, anataka nchi ya Wamongolia, ila mshauri mkuu ni Mjapani Kanai Shoji, na Wajapani wanachokitolea macho ni makaa ya mawe ya Datong na chuma cha Longyan, vyote viko sehemu za Wachina, na Wachina ndio wengi mno kwenye hiyo serikali inayoitwa ya Wamongolia. Kufikia hapo jeshi la pale linaripoti kwa wakubwa wa Kaskazini mwa China, na Koa-in ya Tokyo (idara ya serikali ya Japani iliyoshughulikia mambo ya China) nayo imefungua ofisi Zhangjiakou, kwa hiyo De Wang akibisha hodi huku anaambiwa nenda kule.

Halafu usiwasahau Wamongolia wa Xing'an, walio ndani ya Manchukuo. Kwantung hao hao waliokuwa wanamshangilia De Wang hawakukubali hata siku moja hao wajiunge naye, wangemega Manchukuo yao wenyewe. Gavana wa Xing'an Kaskazini, Lingsheng, walimuua Aprili 1936 kwa tuhuma za kuwasiliana na Wasovieti, na mwanawe alikuwa mchumba wa dada yake Puyi, mfalme wa Manchukuo.

Kwa hiyo kwenye insha usiandike "Japani iliamua". Andika ofisi gani, mwaka gani, na upande gani wa mpaka.