Kwa dada aliyeuliza kuhusu wapangaji wamisionari: nilikaa jirani nao Kisumu

Dada mwenye nyumba ya Kakamega, nimesoma majibu uliyopewa nikaona siwezi kunyamaza. Umesema mzee mmoja na mkewe kutoka Marekani, wamisionari wa kanisa la Mormoni, wanataka kupanga kwako, nawe hujui watu hao hushinda wakifanya nini, nani anawalipa, na kama sebule yako itageuzwa kanisa. Kuna aliyekujibu kwamba ni majasusi.

Mimi nilikaa na mume na mke wa namna hiyo hapa Migosi, mtaa wa Kisumu, ukuta kwa ukuta, kuanzia Novemba 2022 hadi Mei 2024. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Niliwafundisha Kiswahili kila Jumanne na Ijumaa, na siku nyingi nilipanda gari lao niwe mkalimani. Si muumini wao. Nilizaliwa Vihiga katika Kanisa la Friends, yaani Quaker, na nitazikwa humo. Nitakueleza niliyoyaona.

Kwanza usiwachanganye na wale vijana wa shati jeupe na beji nyeusi kifuani wanaotembea wawili wawili Kondele na Manyatta. Vijana wana ratiba kali, wanaamka saa kumi na mbili na nusu na kulala kwa saa, wavulana miaka miwili, wasichana mwaka mmoja na nusu. Wazee hawafungwi hivyo, na hawa wangu hawakupita wakibisha hodi mlango kwa mlango. Wala hawalipwi. Wanajilipia wenyewe kodi na chakula. Mzee wetu alikuwa fundi bomba huko Idaho zaidi ya miaka thelathini, mkewe karani wa shule. Waliuza gari moja na kuipangisha nyumba yao ndipo wakapata uwezo wa kuja. Nilipojua hilo niliacha kuwaita wazungu wenye pesa.

Kuhusu jina, wao wenyewe hupendelea kusema Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Aliyekuwa rais wa kanisa lao aliwaomba waumini mwaka 2018 waache kujiita Wamormoni. Ukilisema la zamani hawakasiriki. Na kama mume wako atauliza kuhusu wake wengi, kama wanaume wote wa mtaani kwetu walivyouliza, kanisa lao lilisimamisha ndoa hizo mwaka 1890. Mzee alikuwa na mke mmoja kwa miaka arobaini na minne, na alimfungulia mlango wa gari kila siku ya Mungu.

Sasa kutwa wanafanya nini? Alfajiri nilimsikia mzee akisoma Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili kwa sauti, polepole, aya chache tu, akirudia neno mpaka likae. Herufi iliyomshinda ilikuwa ng'. Aliifanyia mazoezi na kijana wa maziwa getini, "ng'ombe, ng'ombe," hadi siku moja ikatoka sawasawa na kijana akaongeza kipimo bure. Baada ya kifunguakinywa ni gari. Walikuwa na jukumu la kuangalia nyumba wanazoishi wale vijana: chandarua kipo, chujio la maji halijaziba, mtungi wa gesi hauvuji, mtu amekula. Leo Busia, kesho Kakamega, Alhamisi wako hapa mjini. Kijana mmoja kutoka nchi nyingine ya Afrika alipougua malaria usiku, Mama, ndivyo nilivyomwita mkewe, alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka kukapambazuka, sweta lake amemfunika yeye.

Jioni za Alhamisi walifungua ukumbi wa kanisa kwa wanafunzi wa Pathway, masomo ya chuo yanayofanywa kwa intaneti. Nilimwona Mama na msichana mmoja wa Nyalenda ambaye mchana huuza samaki wa kukaanga. Mikono ya yule msichana ilikuwa bado na harufu ya mafuta, akaona haya kugusa kompyuta. Mama hakusema neno. Alitoa leso yake, akaishika ile mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja kama anavyofutwa mtoto anayekwenda shule, halafu akamsogezea kiti. Stima ilipokatika walimaliza ile kazi kwa tochi ya simu, msichana akisoma na Mama akiandika kwenye karatasi ili wapate kuichapa kesho yake. Ukiniuliza hao watu walifanya kazi gani Kenya, hiyo ndiyo kazi. Walikaa na watu. Haina picha nzuri, na sidhani kuna ripoti inayoweza kuieleza.

Kuna jambo litakalokusumbua, na ni afadhali ulijue mapema: chai. Wana sheria ya afya wanayoiita Neno la Hekima, ya tangu 1833, inayokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Nawe ni mtu wa magharibi ya Kenya, unajua kwetu mgeni asiyenyweshwa chai hajakaribishwa. Mwezi wao wa pili tu hapa tulikwenda Luanda, huko Vihiga, kwa mama mmoja mjane ambaye mwanawe alikuwa amebatizwa. Kukhu yule, yaani nyanya kwa Kiluhya, alikuwa amechemsha chai ya maziwa tangu asubuhi, sukari ameikopa dukani, na ametoa ile chupa ya maua inayokaa kabatini mpaka Krismasi. Akamimina. Mzee, kwa adabu yote, akasema, "Asante, sisi hatunywi chai." Chumba kizima kikanyamaza. Kukhu akachukua kisahani, akakifunika kikombe taratibu, akaniuliza mimi kwa Kinyore kama watu hawa wamekuja kuangalia umaskini wake. Sikuitafsiri. Lakini Mama alikuwa ameuona uso, na tulipofika barabara kuu alikuwa analia.

Nililaumu nafsi yangu, kwa sababu mkalimani anayengoja maneno ndipo afanye kazi hajui kazi. Safari iliyofuata nilipiga simu siku mbili kabla. Nikamwambia, "Kukhu, dini yao haiwaruhusu majani ya chai, ila uji wanakunywa." Tulipofika kulikuwa na uji wa wimbi uliochachushwa, kwenye kibuyu. Mama alimaliza, akaomba tena, akauliza unavyochachushwa, akaandika kwenye daftari lake. Kukhu akacheka akampiga begani. Tangu hapo kila nyumba tuliyokwenda nilitangulia kupiga simu, na habari ikaenea mpaka wakawa wanaitwa watu wa uji. Kisumu watoto waliwaita Kwaro na Dani, yaani babu na nyanya, na walivyoitikia ungedhani wamezaliwa Seme.

Lipo pia suala la pesa, na hapa walichukiwa na wengine. Jirani mmoja alikwenda kuwaomba karo ya mtoto akajibiwa kwamba hawatoi pesa mkononi. Kwao Jumapili moja kila mwezi waumini hufunga milo miwili, na thamani ya chakula hicho, au zaidi, hutolewa kama sadaka ya kusaidia wahitaji kupitia kwa kiongozi wa tawi, yaani kusanyiko lao la hapa, ambaye naye ni mtu wa kawaida mwenye kazi yake na halipwi na kanisa. Jirani alisema ni ubahili. Nami, nisikufiche, nilidhani hivyo hivyo kwa muda. Kisha bomba la jirani huyo huyo likapasuka usiku wa mvua, maji yakajaa hadi jikoni, na aliyetambaa chini ya sinki na spana yake mwenyewe hadi saa saba usiku alikuwa mzee wa miaka sitini na minane. Karo hakumpa. Hilo la karo bado sijui kama lilikuwa sawa, kwa sababu mtoto alikaa nyumbani muhula mzima na mimi nilimwona akipita na ndoo ya maji saa za darasa. Naelewa kwamba mgeni akianza kugawa noti mlango wake hautafungika. Lakini nilimwonea huruma yule mtoto, na Mama pia, maana aliniuliza habari zake kila Ijumaa.

Februari 2024 mzee alifiwa na dada yake, yule aliyemfuata kuzaliwa. Alichagua kubaki. Asubuhi nilimkuta anapakia machujio ya maji kwenye gari kama kawaida, nikamwita jaduong', yaani mzee kwa Dholuo, nikamwambia, "Leo hakuna kwenda." Hakuelewa. Kwao msiba una saa yake, watu huja, huondoka. Nikamwambia mama mboga wa pale kona, na zaidi ya hapo sikuhitaji kumwambia mtu. Kufikia saa kumi na moja jioni viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani, kina mama wa kanisani kwao na wasio wa kanisani wanaingia na unga, sukari, mkaa, omena. Mtu amewasha jiko. Tenzi zikaanza, nyingine za kwao, nyingine za kwetu. Mzee alisimama mlangoni, akaninong'oneza kama anatakiwa kutoa hotuba na iwe ya dakika ngapi. Nikamwambia, "Leo huna la kusema. Keti tu." Akaketi. Wazee wakaketi kandokando yake, wengine bila kujua neno lolote la Kiingereza, na hawakuzungumza kitu kwa karibu saa nzima.

Walikuja usiku tatu. Usiku wa maziko walifuatilia kwa simu, saa tatu kwetu, Idaho ilikuwa saa tano asubuhi na theluji inaonekana nyuma ya jeneza. Mzee mmoja wa Seme akaomba ile simu, akavua kofia, akawapa pole wafiwa kwa Dholuo, kirefu, kwa mpangilio wote unaotakiwa, na wale watu wa Idaho wakasimama kimya wakamsikiliza mpaka akamaliza. Mwaka mzima jaduong' alikuwa amekwenda kwenye matanga ya watu, Siaya, Vihiga, mpaka Bondo, akikaa kwenye turubai na kula alichopewa. Nadhani hakuwahi kujua kwamba watu walikuwa wanahesabu.

Mama naye alipenda kuandika koo za watu. Imani yao ni kwamba familia zinaweza kuunganishwa milele ndani ya hekalu, hata na waliokufa zamani, kwa hiyo majina ni jambo zito. Mzee mmoja wa Maseno alimtajia mababu kumi na mmoja kwa pumzi moja, na Mama akamwomba arudie, penseli inatetemeka. Alisema kwao watu hulipia kutafutiwa majina manne. Siku hizo hekalu walilokuwa wakienda lilikuwa Johannesburg, na nauli ya huko watu wa tawi waliiweka kidogo kidogo kwa miaka. La Nairobi lilitangazwa 2017 likawekwa wakfu 18 Mei 2025, wazee wetu wameshaondoka mwaka mzima. Ujumbe wa kwanza nilioupata kutoka Idaho wiki ile haukuuliza jengo likoje. Uliuliza kama mume na mke fulani wa tawi la hapa, waliokuwa wakiweka akiba ya Johannesburg, wamepata nafasi ya kwenda. Nikajibu kwamba wamepanda basi la usiku.

Lawama yangu kwao ni moja. Miezi kumi na minane haitoshi. Sisi watu wa magharibi tumewazoea wamisionari: Friends walifika Kaimosi 1902, Waanglikana wa CMS Maseno 1906, na baadhi yao walikaa miaka mingi. Hawa, ng'ombe inapoanza kutamkika ndipo wanafunga mizigo, na wanaokuja baada yao wanaanza tena na habari ya asubuhi. Nilimwambia mzee hivyo waziwazi. Alisema wajukuu wawili wamezaliwa tangu aje na hajawabeba. Sikuwa na la kujibu.

Haya, nyumba yako. Kwetu mkataba uliandikwa na kanisa, si na wao binafsi, na kodi, ingawa walijilipia wenyewe, haikuchelewa hata mwezi mmoja. Wataulizia tanki la maji, madirisha yenye nyavu na usalama wa geti. Hakuna sigara, hakuna pombe, hakuna makelele. Ibada zao ni kanisani Jumapili, saa mbili tu, sebule yako haitageuzwa kitu. Jumatatu jioni utasikia nyimbo na labda harufu ya keki, ni jioni yao ya familia, na watakuita. Mlinzi wako mwambie mapema kwamba mzee anaweza kutaka kufagia uwanja mwenyewe, asidhani amefutwa kazi. Wetu alilalamika kwangu wiki nzima.

Ukitaka kuona nyumba ya hapa Migosi walivyoiacha, mwenye nyumba ni rafiki yangu na funguo ziko kwangu. Njoo Jumamosi yoyote isipokuwa hii, nina mazishi Emuhaya.