Lenzi inayotoa picha hafifu

SWALI: Lenzi yangu mpya ya milimita 50, isiyo ya kampuni iliyotengeneza kamera, inatoa picha hafifu, zisizo kali, kwenye f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana). Kosa ni la vioo au la fokasi (ulengaji wa ukali wa picha)?

JIBU: Weka kamera kwenye tripodi, mita 2 kutoka gazeti lililobandikwa ukutani, sambamba nalo kabisa. Piga picha moja kwa fokasi ya mkono, ukiikuza taswira kwenye skrini. Kisha piga 10 kwa fokasi ya otomatiki, ukiivuruga fokasi kabla ya kila moja. Hatua hii wengi huiruka. Ya mkono ikiwa kali na hizo 10 zikitofautiana, kosa ni la fokasi: sasisha programu ya ndani ya lenzi (firmware). Kona moja tu ikififia, huenda kioo cha ndani ya lenzi kimekaa upande, irudishe lenzi dukani.